Silinda ya Gari la Pili

Leland Cobb, fundi wa kaunti, alikuwa ameshafungua magurudumu yote mawili ya mbele Verna Lasky alipoingia gereji ya kaunti saa tatu asubuhi. Gari lenyewe, Wendover ndogo ya kijani yenye viti viwili, lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, pua yake imekunjamana hadi karibu na kioo. Siku kumi na moja zilizopita, Jumamosi ya tarehe nane Oktoba, gari hilo lilishuka mteremko wa Barabara ya Kumi na Mbili bila kupunguza mwendo, likapitiliza kona, likavaa ukuta wa mawe wa shamba la ng'ombe. Dereva wake, Lyle Ostrander, fundi wa kuchonga vyuma mwenye miaka hamsini na sita, alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

"Karibu, bosi," Leland alisema bila kuinuka. "Umeniletea kahawa, au umekuja kunitolea macho tu?"

"Kahawa ni yangu. Nipe habari za bomba la breki."

"Halikukatwa. Jisikie huru kumfutia mashtaka kila mwenye msumeno hapa kaunti." Alimsogezea taa. "Ona mdomo wake, umevutika kama peremende iliyotafunwa. Limepasuka kwa ule ukuta. Msumeno ungeacha mdomo safi."

Kwa wiki nzima Verna, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alikuwa amefuata habari ya bomba lililokatwa. Sasa aliifuta kwa mstari mmoja kwenye daftari lake.

"Basi breki zilikufa kwa nini?"

"Hazikufa. Zilifanya kazi kupita kiasi." Leland aligusa diski ya gurudumu la kushoto. Chuma chake, kilichopaswa kung'aa kama sufuria iliyosuguliwa, kilikuwa kimegeuka rangi ya bluu. Pedi zilizokuwa zikiibana zilibomoka kama biskuti alipozigusa. "Hizi zilikuwa zinashika njia nzima. Lyle ameondoa mguu, zenyewe hazitaki kuachia. Zinasugua, zinapata moto, moto unapanda kwenye mafuta ya breki, mafuta yanachemka yanafanya mapovu. Ukikanyaga hapo unabana mapovu. Pedali inazama hadi sakafuni, na wewe ndiyo kwanza unaanza kushuka mlima."

"Nani alizizuia zisiachie?"

"Huyu hapa." Alichukua kutoka kwenye benchi silinda kuu ya breki, kipande cha chuma cha urefu wa kiganja kinachokaa mbele ya pedali na kusukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu yote. Ilikuwa mpya, bado inanukia grisi ya dukani. "Soma namba iliyo ubavuni."

Verna aliinama. "Arobaini na nne kumi na saba, mstari, moja."

"Na boksi mlilolikuta kwenye banda lake?"

Verna hakuwa na haja ya kulitoa kwenye mfuko wa ushahidi. Alikuwa analijua kwa kichwa. "Arobaini na nne kumi na saba, mstari, mbili."

"Hawa ni mapacha," Leland alisema. "Tundu za bolti zilezile, mdomo uleule. Ila ile ya moja ilitengenezewa magari ya zamani, ya kabla ya sitini na tatu, yenye breki za ngoma mbele. Ndani ina kijivali, kilango kidogo cha mafuta, kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukiondoa mguu, maana breki za ngoma zinaitaka. Ile ya mbili ni ya magari ya baadaye, yenye diski kama hili. Haina kijivali. Ukifunga ya moja kwenye gari la diski, ile presha kidogo inatosha kubana pedi siku nzima."

"Lyle angejua?"

"Lyle? Lyle alikuwa anapima nywele kwa maikromita. Angejua akiwa amelala." Leland alijifuta mikono kwa kitambaa. "Ndiyo maana sielewi. Mtu kama yule hasomi tu boksi. Anageuza chuma, anasoma namba. Ni kitu gani kilimfanya asigeuze?"

*

Duka la spea la Orrin Teeple lilikuwa katikati ya mji wa Redfern. Pikapu nyekundu ilikuwa imeegeshwa mbele ya mlango, na ndani yake alikaa Colleen, binti pekee wa Lyle, dirisha limeteremshwa ingawa upepo wa mtoni ulikuwa wa baridi. Siku ya nne hiyo. Kila mteja aliyekaribia alimwambia neno lilelile, na wengi waligeuza.

"Mle ndani kuna muuaji," alimwambia Verna. "Unataka wipa, nenda Watertown."

"Colleen, nenda nyumbani ukanywe kitu cha moto."

"Silinda mpya ilitoka mle, na Leland kanipigia sasa hivi: boksi linasema mbili, ndani mna moja. Nani aliweka? Malaika? Mzee haoni, mikono inamtetemeka, na hataki kustaafu. Kamuulize baba yangu alimpa nini."

"Naingia kumuuliza."

"Muulize pia baba alikuwa anakwenda wapi. Ameniaga anakwenda kwenye maonyesho ya magari Syracuse. Syracuse iko kusini. Gari limekutwa limeelekea kaskazini." Alishika usukani. "Mama amekufa mwaka juzi. Tumebaki wawili tu, Verna. Angenidanganya kwa nini?"

Verna aligeukia mlango wa duka. Aliingia.

Orrin Teeple, mwenye miaka sabini na moja, alikuwa amesimama nyuma ya kaunta kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo. Hakukuwa na mteja. Rafu nyuma yake zilipanda hadi darini, maboksi kwa maboksi, kila moja na namba yake.

"Umekuja kunifunga?" aliuliza.

"Nimekuja kununua. Nataka kifuniko cha distribyuta cha gari langu, Plymouth ya themanini na sita, injini ndogo."

Orrin alimtazama, akaona hatanii, akapanda ngazi. Alirudi na boksi. Kabla ya kulisogeza kwa Verna alilifungua, akavaa miwani, akageuza kifuniko, akapitisha kidole juu ya namba na kuisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Kisha akasoma ya boksi, tarakimu moja moja. Ndipo akalisukuma mbele.

"Unafanya hivyo kila mara?"

"Kufanya nini?"

"Kusoma."

Mzee alifikiri. "Sijui. Nadhani ndiyo. Mke wangu alikuwa anasema hata makopo ya supu nayasomea namba nyumbani."

"Ulimsomea Lyle?"

"Zote mbili."

Verna aliweka kalamu chini. "Zote mbili?"

Orrin alifumba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana Teeple, kuna watu wawili tu wanaoweza kuwa wameweka chuma kisicho chake kwenye boksi lile. Mmoja amezikwa Ijumaa. Ukinyamaza, unabaki wewe."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi nini?"

"Kwamba Colleen asisikie." Mzee alichungulia dirishani, kwenye pikapu nyekundu. "Alinunua silinda mbili kwa siku moja. Ile ya namba mbili yake mwenyewe, na ya namba moja ya rafiki yake ng'ambo ya mto, mwenye gari kama lake, la zamani zaidi. Hakunitajia jina, na mimi sikumchimba. Lakini nimemuuzia Lyle spea tangu hana ndevu. Sijawahi kumwona anapiga mluzi kwenye kaunta yangu hadi mwaka huu."

"Na umekaa siku nne unaitwa muuaji badala ya kusema hilo?"

"Anayeniita ni mtoto aliyefiwa," Orrin alisema. "Nimeshaitwa mabaya zaidi na watu wazima."

*

Verna alirudi ofisini akapiga simu kwa polisi wa Ontario, upande wa Kanada wa mto. Alizungumza na sajini mmoja mchangamfu ambaye hakuwahi kusikia habari za Wendover.

"Zilizotengenezwa kabla ya sitini na tatu," Verna alisema. "Zilizosajiliwa upande wenu, saa moja kutoka darajani."

"Dada, unataka na rangi ya macho ya dereva?"

"Ukiipata, nitashukuru."

Sajini alimpigia baada ya saa moja na nusu. Magari yalikuwa mawili. Moja lilikuwa la jumba la makumbusho huko Kingston, halina hata injini. La pili, jeupe, la mwaka sitini na moja, lilisajiliwa kwa jina la Adele Charbonneau, Lansdowne. Mmiliki yuleyule tangu mwanzo.

"Unaweza kwenda kuzungumza naye," sajini alisema, "mradi ujue huku kwetu beji yako ni pambo."

Kabla ya saa nane Verna alikuwa amevuka daraja. Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, na nyuma yake banda lenye mlango ulioachwa wazi. Alipopunguza mwendo aliona mwanamke anatoka mbio jikoni, aproni bado kiunoni, nywele zake za kijivu zimebanwa upesi upesi. Alikimbia hadi katikati ya ua. Alipoiona Plymouth alisimama. Mikono yake, iliyokuwa imeanza kunyanyuka, ilishuka.

"Samahani," mwanamke alimwambia Verna aliposhuka. "Nilidhani ni mtu mwingine."

Verna alionyesha kitambulisho chake na kusema anatoka wapi.

"Redfern," Adele alisema. "Basi ni Lyle. Amekutuma uje kuniambia haji. Mara ya kwanza, mwaka sitini na sita, hakutuma hata mtu. Nilikaa kwenye ngazi zile pale na sanduku langu hadi kulipokucha. Safari hii angalau katuma polisi." Alijaribu kucheka. "Mwambie nimeelewa. Siku kumi na moja zinatosha mtu kuelewa."

"Bi Charbonneau, tuketi."

"Sitaki kuketi."

"Lyle amefariki. Tarehe nane, Jumamosi asubuhi. Ajali ya gari."

Mwanamke alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikawa kitu kidogo kisichokunjika zaidi.

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro."

"Tulisema saa tano. Wapi?"

"Barabara ya Kumi na Mbili. Kwenye mteremko, maili tisa kabla ya daraja."

"Kabla ya daraja," Adele alirudia. "Alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja."

Ndipo alipoketi, palepale kwenye ngazi. Verna aliketi kando yake na kungoja. Bata bukini walipita juu wakielekea kusini, kundi baada ya kundi.

Hatimaye Adele alisema mwenyewe, kwa vipande. Walikutana kwenye mashindano ya barabarani majira ya joto ya mwaka sitini na tano, yeye na gari lake jeupe, Lyle na lake la kijani. Walikubaliana kuoana mwaka uliofuata. Halafu kukawa na msichana kule Redfern, aliyekuwa wa Lyle kabla hawajajuana, na msichana ana mimba ambayo Lyle hakuijua hadi wiki ya mwisho. Barua ya Lyle ilifika Novemba. Adele hakuijibu. Hakuolewa. Alifundisha hesabu shule ya Lansdowne miaka ishirini na sita, na gari hakuliuza.

"Mwezi wa nne mwaka huu nafungua mlango, namkuta amesimama. Mnene! Kipara! Akaniambia, 'Adele, breki zako bado zinavuta kushoto?'" Alijifuta pua kwa ile aproni iliyokunjwa. "Miaka ishirini na minane, na hilo ndilo neno lake la kwanza. Nilitaka kumfungia mlango. Nikamwambia zinavuta kulia."

"Akawa anakuja tena?"

"Kila Jumapili. Jumamosi ile ilikuwa siku maalumu. Tungekwenda wote wawili, kila mtu na gari lake, kando ya ziwa hadi Picton. Jioni yake angemwambia binti yake kwa simu. Alikuwa anamwogopa yule mtoto kuliko alivyowahi kuogopa kona."

Verna alifungua daftari. "Alikufungia silinda kuu mpya ya breki?"

"Jumapili ya tarehe mbili. Kwa nini?"

"Naomba kuiona."

Gari jeupe lilikuwa bandani, limeng'arishwa, limefunikwa shuka safi. Adele aliinua boneti. Verna aliwasha tochi na kuinama juu ya injini hadi akaona ubavu wa silinda. Alisoma namba mara mbili. Arobaini na nne kumi na saba, mstari, mbili.

"Usiliendeshe hili gari," alisema.

"Siliendeshi. Pedali inashuka sana tangu alipoifunga. Nilimwambia kwenye simu, akasema ataiangalia Jumamosi." Kisha aliinama asome namba mwenyewe. Alikuwa ameishi na gari hilo miaka thelathini na mitatu. Hakuhitaji mtu wa kumfundisha. "Hii siyo yangu."

Verna aliisogeza tochi karibu na namba.

"Hii ni ya diski. Hii ni yake." Sauti ilishuka. "Nini kilichomuua, Bi Lasky? Usinizungushe."

Tochi ilikuwa bado inawaka. Verna aliizima. Angeweza kusema uchunguzi haujakamilika, na isingekuwa uongo mtupu.

"Breki zilishika njia nzima," alisema. "Alikuwa amefunga ile yenye kijivali. Ilikuwa kwenye boksi lenye namba yake."

Adele alikwenda kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha akaweka viganja vyake viwili juu yake, kimoja huku, kingine kule.

"Alizileta zote mbili anionyeshe. Ile yangu ya zamani tuliiweka hapa katikati. Alizitoa kwenye maboksi, akaanza kunieleza tofauti, kama mwalimu. Mwalimu ni mimi! Nikamnyang'anya, nikawa nazo hivi, moja kila mkono. Nikamuuliza, 'Haya, ipi yangu?' Akaniambia, 'Zote zako.' Tulicheka mpaka tukashikana. Moja nikampa afunge, nyingine nikairudisha kwenye boksi lake, lile la mbili. Hakuangalia namba. Alikuwa ananiangalia mimi."

Nje, upepo ulisukuma mlango wa banda ukagonga mara moja.

"Nani anashutumiwa?" Adele aliuliza bila kugeuka. "Mpelelezi havuki mpaka kwa sababu ya udadisi."

"Mwenye duka. Mzee anayeitwa Orrin Teeple. Watu wameacha kuingia kwake."

"Lyle alinitajia habari zake. Anasoma namba kwa sauti."

"Huyohuyo."

"Nipe karatasi."

Aliandika kwenye meza ileile, mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima. Aliandika tarehe, saa, namba za silinda zote mbili, nani alishika nini na nani alirudisha nini. Hakujitetea wala hakujilaumu. Alipofika mwisho alitia saini, akaisoma yote tena kwa kidole, akairudisha.

"Hilo si kosa la jinai," Verna alisema. "Nataka ulisikie kwangu."

"Nimesikia." Alichukua koti lililokuwa limetundikwa ukutani. "Amezikwa wapi?"

"Redfern, nyuma ya kanisa la Wamethodisti."

"Una nafasi kwenye gari?"

*

Daraja lilipanda juu ya mto kwa mwinuko mkali, visiwa vikiwa chini yake, miti imewiva rangi nyekundu na njano. Adele alikaa wima, mkoba juu ya magoti. Alisema hajavuka tangu mwaka sitini na sita. Hata kwenda kununua siagi, alisema, ingawa majirani zake wote walivuka kununua siagi.

"Binti yake ana umri gani?"

"Ishirini na minane."

"Basi ndiye. Anafanana naye?"

"Kidevu. Na ubishi."

"Atanichukia?"

"Mwanzoni," Verna alisema. "Anataka sana kujua baba yake alikuwa anakwenda wapi. Nitaanza na Orrin, kisha yeye. Wewe utaamua kama unataka kuwapo."

"Nitakuwapo."

Foleni kwenye kibanda cha ukaguzi ilikuwa fupi. Ofisa alikuwa kijana mwenye uso wa usingizi, kofia imerudishwa nyuma. Aliitazama beji ya Verna, akaitikia kwa kichwa, akainama kumwona abiria.

"Na wewe, mama? Raia wa wapi?"

"Kanada."

"Unakwenda Marekani kufanya nini?"

"Kumwona mtu."

"Nani?"

"Lyle Ostrander. Wa Redfern."

Jina halikumwambia kitu ofisa. Aliandika namba ya gari. "Anajua kwamba unakuja?"

Verna alifungua mdomo, na Adele akamwekea mkono juu ya mkono wa koti.

"Anajua," alisema. "Ila nimechelewa."

Ofisa alicheka. "Basi wahini," alisema, akawapungia wapite.